Waliobaki Mkononi mwa Bawabu

Tusekile Mwambene alikuwa hajafika nusu ya kikombe chake cha chai ya rangi pale sauti ya Sista Agripina ilipomfikia kwa simu kutoka wodi ya watoto njiti, na sauti hiyo haikutanguliza salamu.

“Mashine ya joto imemkataa mtoto,” alisema muuguzi. “Nimekibandika kisigino chake kwenye kioo, nikakipangusa kioo kwa spiriti, nikakibandika tena. Kinawaka manjano na kuniandikia, ‘Mafaili yaliyofunguliwa yamezidi.’ Mafaili gani, mwanangu? Huyu kazaliwa sasa hivi, hata jina hana.”

“Ni mkubwa kiasi gani?”

“Anaenea kwenye kiganja changu na nafasi inabaki.”

“Basi ifungueni kwa mkono, Sista, wakati mimi huku natazama.”

“Kwa mkono upi? Vishikio vya kufungulia si mliving'oa ninyi, siku mlipotuletea vioo?”

Vilikuwa vimeng'olewa kweli. Jijini Lyangome hapakuwa tena na ufunguo, wala kishikio, wala karatasi ya kumtambulisha mtu. Mlango wa nyumba, bomba la maji, kabati la dawa, mtungi wa oksijeni, vyote vilimjua mwenyeji kwa ngozi ya kiganja chake, na mtoto mchanga kwa ngozi ya kisigino. Nyuma ya vioo vyote hivyo ilikaa programu moja, ndani ya seva moja, kwenye ghorofa ya chini ya Nyumba ya Rejista. Wahandisi waliiita Bawabu. Mtu akigusa kioo, Bawabu alifungua faili lake, akasoma kuwa ni mwenyeji, kisha akalishika mkononi ili safari nyingine bomba lisimcheleweshe. Kumtunza huyo Bawabu ndiyo iliyokuwa kazi ya Tusekile.

“Mlaze kifuani kwa mama yake,” alisema, miguu yake ikiwa tayari inashuka ngazi. “Ngozi kwa ngozi.”

“Hilo nimeshalifanya. Ila kifua cha mama hakitoi oksijeni. Halafu tumboni kabaki mwingine,” alisema Agripina. “Ni mapacha.”

*

Chumba cha seva kilikuwa na baridi ya kupenya mifupa hata kiangazi. Tusekile alivaa koti lililoning'inia mlangoni, akaketi, akaiuliza mashine maswali mawili: Bawabu anaruhusiwa kushika mafaili mangapi, na sasa hivi ameshika mangapi. Majibu yalikuja sawasawa, tarakimu kwa tarakimu.

Alikunja uso. Dari lile, yaani kikomo cha mafaili, liliwekwa juu kuliko idadi ya wakazi wote, mara kadhaa, kusudi jiji likue miaka mingi bila kuligusa. Lilikuwa limejaa vipi? Ama watu walikuwa wameongezeka ghafla kama siafu, ama Bawabu alikuwa akifungua bila kufunga.

Hakusubiri kujua. Alilipandisha dari kidogo, akarudi kwenye simu.

“Jaribu sasa, Sista.”

Akasikia vyombo vikigongana, kisha Agripina akapiga kigelegele kifupi, cha mtu aliyechoka. “Imefunguka! Kulwa kaingia!”

Tusekile hakushangilia. Macho yake yalikuwa kwenye tarakimu ya pili, ambayo ilikuwa inapanda. Haikupanda kwa kuruka. Ilipanda polepole bila kupumzika. Alipandisha dari tena, na tena, mpaka mashine yenyewe ikamwonya kwamba kumbukumbu imekwisha na hatua nyingine itaigandisha seva nzima, pamoja na milango ya hospitali. Hapo akaondoa vidole. Muda si muda tarakimu zile mbili zikawa sawa tena.

Simu ikalia. “Doto kazaliwa,” alisema Agripina, na safari hii hapakuwa na kigelegele. “Ni mdogo kuliko mwenzake. Kioo ni manjano.”

“Mlaze na Kulwa, kwenye mashine moja.”

“Unadhani sikuwaza? Nimemweka. Mashine ikapima uzito, ikasema huyu siye, ikaanza kujifunga. Nimemtoa mbio nisije nikawakosa wote wawili. Fanya jambo, mwanangu. Huyu havuti vizuri.”

Tusekile aliagiza orodha ya kila faili lililoshikwa. Ikamiminika kwenye skrini, mistari kwa maelfu, naye akaisoma kama mtu asomaye mabango kutoka ndani ya gari linalokimbia. Mwanzoni hakuona kitu. Kisha jicho lake likazoea, na neno moja likaanza kujirudia pembeni mwa mistari, kundi baada ya kundi: *limefutwa, limefutwa, limefutwa.* Akasimamisha orodha na kutazama anwani za mistari ile. Zote zilikuwa za kata moja.

Matopeni.

*

Bwana Danford Mgaya, Mkurugenzi wa Rejista, aliingia akihema, tai yake ikiwa begani.

“Hospitali wananipigia, stesheni wananipigia, wageni wamejazana getini hawasajiliki. Kuna nini? Zima uwashe, Mhandisi. Si ndiyo dawa yenu ya kila siku?”

“Nikizima, mzee, Matopeni inapotea.”

“Matopeni ilishapotea. Tuliifuta tangu masika.”

Hilo halikuwa siri. Wapimaji walikuta ardhi ya Matopeni inadidimia, nyumba zikapasuka kuta, na Baraza la Jiji likaamuru watu wahamie Mji Mpya, ng'ambo ya milima. Ili asibaki mkaidi hata mmoja, Baraza likaagiza mafaili yao yafutwe, maana nani atakaa mahali ambapo bomba halimjui? Lakini Mji Mpya ulipokea malori ya mwanzo tu, kisha ukafunga lango. Waliobaki walirudi kwa miguu na magodoro vichwani, wakagusa mabomba yao kwa kukata tamaa, na maji yakatoka.

“Tulifuta majina,” alisema Tusekile. “Watu hatukuwafuta. Sogea uone.”

Mgaya aliinama karibu na skrini.

“Mashine hizi za Linux zina kanuni ya zamani kuliko wewe na mimi. Ukifuta faili, unachofuta ni jina lake kwenye orodha. Lenyewe halifi ikiwa kuna programu imelishika. Linabaki mkononi mwa programu hiyo, bila jina, mpaka iliachie au izimwe. Siku tuliyoifuta Matopeni, Bawabu alikuwa amewashika wote. Na tangu siku ile hajazimwa.”

“Kwa hiyo wapo.”

“Wapo mkononi mwake. Kwingine kote hawapo.”

“Na hili la leo?”

“Mtu wa Matopeni akigusa bomba, Bawabu anamkuta mkononi, anamfungulia. Kisha anataka kuandika kwenye orodha kwamba maji yametoka. Jina halioni. Basi anafungua faili la muda kuihifadhi habari hiyo, akingoja jina litokee. Halitokei, naye halifungi. Kila ndoo faili moja, kila mlango faili moja, toka masika mpaka leo. Wamejaza dari bila kujua. Kiu tu, mzee. Wamelijaza kwa kiu.”

Mgaya alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya tai, asiivae. Alikuwa mtu wa kanuni, lakini hakuwa mtu mbaya. Alipanda vyeo kwa kutogombana na mtu.

“Ni wangapi?”

“Elfu tatu na ushei.”

“Yafunge hayo ya muda peke yake.”

“Nimejaribu kabla hujaingia. Kumpokonya faili Bawabu akiwa kazini ni kama kumvuta mkono mtu aliyebeba chungu. Nilipokonya moja, akasita, na milango ya jiji zima ikasita naye. Sikuthubutu la pili.”

“Basi warudishe kwenye orodha.”

“Anayemrudisha mtu ni muhuri wa Baraza. Unao?”

Mgaya alitikisa kichwa.

“Hata mimi sina. Nikiwaandika bila muhuri, Bawabu atawakataa, atasema ni watu wa kughushi.”

“Baraza linakaa mwezi ujao,” alisema Mgaya, kana kwamba anajisomea.

Feni za seva zilivuma. Hatimaye Mgaya akavaa miwani na kuunyosha mgongo.

“Nakwenda kumtafuta Mwenyekiti wa Baraza. Labda atasikia, labda hatasikia. Lakini, Tusekile, kuna mtoto kule hospitali, na nyuma yake kuna wengine wanaokuja, hatuwezi kuwazuia wanawake wasijifungue. Nikirudi, nikute umezima.”

“Na Matopeni?”

“Usiniambie tena habari za Matopeni,” alisema Mgaya. Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayeomba, akatoka upesi, na mlango ukafunga nyuma yake.

*

Alipobaki peke yake Tusekile alishika tama. Kitufe cha kumzima Bawabu hakikuwa kitufe hasa. Yalikuwa maneno mawili ya kuandika na kukubali. Aliyaandika, akayaacha pale bila kuyakubali.

Kisha akafanya lile lililokuwa ndani ya uwezo wake. Yaliyokuwa mkononi mwa Bawabu hayakuweza kupokonywa, lakini yaliweza kunakiliwa. Mwenye mamlaka juu ya mashine huruhusiwa kufungua hata pale wengine wote wamekataliwa, na yeye ndiye aliyekuwa na mamlaka hayo. Aliandika amri fupi ya kupita mkononi mwa Bawabu, faili baada ya faili, na kuyamwaga yaliyomo kwenye diski ya kubeba. Nakala isingemfungulia mtu bomba. Lakini siku Baraza likikubali kupiga muhuri, mwenye nakala angekuwa na pa kuanzia: tarehe yake ya kuzaliwa, nyumba yake, ugonjwa wake, watoto wake. Asiye na nakala angekuwa mgeni aliyedondoka kutoka mawinguni.

Amri ilianza kazi. Majina yakapita mbele yake. Gwamaka, mwenye kisukari, dawa kila wiki. Subilaga, mwalimu wa shule ya msingi, mjane. Mtoto wa darasa la pili aliyepigwa chanjo zote isipokuwa moja. Kila jina lilikaa kitambo kidogo cha kuudhi, kwa sababu Bawabu alikuwa ameelemewa na kila kitu kilikwenda kwa kujikokota. Tusekile alipiga hesabu kichwani, akajua kazi hiyo ingefika jioni.

“Sista, Doto anaendeleaje?”

“Nampulizia kwa mfuko wa mkono. Mikono yangu imekufa ganzi, tunapokezana na mkunga. Kitu gani kinakuchelewesha huko, Tusekile?” Ilikuwa mara ya kwanza amwite kwa jina.

“Kuna watu, Sista.”

“Huku pia kuna mtu.”

Tusekile alikata simu. Ndipo akampigia Anyisile.

Anyisile alikuwa rafiki yake tangu chuo cha ufundi, walipolala kitanda cha juu na cha chini. Sasa alikuwa fundi wa betri za jua huko Matopeni, akiishi na mama mkwe aliyepooza. Alirudi na wale waliorudi kwa miguu, akimsukuma mama yule kwenye toroli.

“Anyisile, una ndoo ngapi hapo nyumbani?”

“Eh, Tuse! Siku hizi salamu zimekuwa ndoo?”

“Nisikilize. Chota maji, ujaze kila chombo. Toa dawa za mama kwenye kabati, zote. Mlango wako uuwekee jiwe usijifunge. Fanya sasa hivi.”

Anyisile aliacha kucheka. “Kuna nini?”

Tusekile akamweleza. Alieleza vibaya, kwa haraka, akirukaruka, lakini Anyisile alikuwa fundi na hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

“Kwa hiyo tulishafutwa.”

“Tangu masika.”

“Na maji tunayokunywa?”

“Bawabu ndiye hajaambiwa.”

Upande wa pili kuku alikuwa akilia. “Sisi tulichinja mbuzi, Tuse,” alisema Anyisile taratibu. “Mtaa mzima tulichanga. Tulidhani Baraza limetuonea huruma, tukasema tuwashukuru. Tukawaimbia wakubwa nyimbo.”

“Chota wewe na mama. Ila usimwambie mtu mwingine, nakuomba.”

“Unasemaje?”

“Kila mkono ukigusa bomba unafungua faili jingine. Hapa tumeshafika mwisho, Bawabu anasimama kwa kujikongoja. Mkichota wote kwa mpigo ataanguka, na nilikuwa nawanakili, sijafika hata nusu. Nipe muda.”

“Jirani yangu ana mtoto mchanga. Nisimwambie?”

“Anyisile...”

“Wa mbele yangu ni Gwamaka, mgonjwa wa sukari, dawa zake zimo kabatini. Huyo naye nisimwambie? Nitajie wewe. Nisimwambie nani? Nipe jina.”

Tusekile alifungua kinywa. Kwenye skrini majina yalikuwa yanapita, na hakuna hata moja aliloweza kulitoa. Alisikia Anyisile akivuta pumzi, kisha simu ikakatika.

Akangoja. Hakukuwa na la kufanya ila kungoja. Kwa muda mfupi hapakuwa na mabadiliko, naye akaanza kujidanganya kwamba rafiki yake amemsikiliza. Kisha Bawabu akapunguza mwendo. Nakala zikaanza kuja kwa kudondoka, jina, kimya, jina, kimya. Hakuhitaji kuambiwa. Huko Matopeni watu walikuwa wanatoka na ndoo, madumu, sufuria, beseni za kuogeshea watoto. Viganja vilikuwa vinagombania vioo, na kila kiganja kilibisha kwa Bawabu, na Bawabu, aliyeumbwa asimkatae anayemjua, alikuwa anatafuta mahali pa kuwaandika.

Simu ya Agripina ikalia tena. “Anabadilika rangi, mwanangu. Midomo.”

Tusekile aliweka kidole juu ya kitufe cha kukubali. Yale maneno mawili yalikuwa bado pale yalipoandikwa. Alimwona Doto asiyemjua na alimwona mama mkwe kwenye toroli, na kidole hakikushuka wala hakikuondoka. Kama angebonyeza au asingebonyeza, hilo hata yeye hakuwahi kulijua, kwa sababu wakati huohuo feni za seva zilipandisha sauti, skrini ikaganda kwenye nusu ya jina la mtu, na Bawabu akaanguka mwenyewe.

Giza la skrini halikudumu. Bawabu aliwekwa ajiinue peke yake akianguka, na alijiinua: mwepesi, mikono mitupu, akisoma orodha kutoka mwanzo. Alifungua faili la kila mwenye jina. Wasio na jina hakuwaona. Dari lilikuwa mbali juu, na chini yake pakawa peupe.

“Kijani!” Agripina alikuwa analia. “Kimewaka kijani! Ameingia, Tusekile, Doto ameingia. Mungu akubariki, mwanangu. Mungu akuzidishie.”

Tusekile alisema asante, maana ndivyo mtu ajibuvyo akibarikiwa. Halafu akaivuta diski na kutazama zilizomo. Nakala zilivuka nusu, si kwa mbali. Gwamaka alikuwemo. Mama mkwe wa Anyisile alikuwemo. Alimtafuta Anyisile kwa jina lake, kwa jina la mumewe, kwa nyumba, kwa mwaka wa kuzaliwa. Hakuwemo.

Bwana Mgaya alirudi akamkuta ameketi vilevile. Mwenyekiti alikuwa safarini, hakupatikana. Mkurugenzi alitazama tarakimu mbili za skrini, zilivyoachana, mabega yake yakalegea.

“Umefanya vyema,” alisema.

“Sikufanya kitu, mzee,” alisema Tusekile.

*

Alikwenda Matopeni kwa miguu, jua likiwa bado kali, diski ikiwa kwenye mkoba pamoja na kompyuta ndogo.

Watu walikuwa nje. Wengi walitoka mbio na ndoo bila kukumbuka jiwe la mlangoni, na milango ikajifunga nyuma yao kama ilivyofunzwa kufanya. Kwenye bomba la mtaa vyombo vilikuwa vimepangwa msururu. Vya mbele vilijaa, vilivyofuata vilikuwa na maji ya chini, na vilivyobaki vilikuwa vikavu. Hakuna aliyepiga kelele. Mara kwa mara mtu alitoka kwenye msururu, akabandika kiganja kwenye kioo, akasubiri, akarudi mahali pake.

Anyisile alikuwa ameketi kwenye msingi wa nyumba yake, mkono wake wa kulia umezungushiwa kanga iliyolowa damu. Dirisha la nyuma lilikuwa limevunjwa. Alikuwa ameuwekea mlango jiwe, lakini jirani aliyekuja kuazima dumu alilisukuma kwa mguu bila kujua, na mama mkwe akafungiwa ndani.

“Nimemtoa,” alisema kabla hajaulizwa. “Yuko kivulini kwa kina Subilaga.”

“Mkono wako, shoga yangu...”

“Utapona.” Alimtazama Tusekile kuanzia mkoba mpaka uso. “Ulisema unanakili. Mimi nimo?”

“Mama mkwe wako yumo.”

“Sikukuuliza yeye.”

Tusekile aliketi kando yake. “Hapana,” alisema. “Bawabu alianguka kabla sijakufikia.”

Anyisile alitikisa kichwa polepole, kama fundi aliyeambiwa betri haitengenezeki. Hakusema kwamba kama angenyamaza angekuwemo, wala Tusekile hakusema.

Wengine walikuwa wamekwisha sikia. Walisogea, kwanza wawili watatu, kisha umati. Niangalizie na mimi, dada. Mimi na wanangu. Tusekile alifungua kompyuta magotini akaanza kutafuta. Yumo. Hayumo. Wewe umo, mtoto wako wa kwanza yumo, wa pili simwoni. Mwanamke aliyeambiwa hivyo alimpakata yule wa pili, akamziba masikio. Yumo. Hayumo. Mpaka Gwamaka akauliza lile ambalo wote walikuwa wanalizunguka.

“Wewe umenikuta humo. Sasa bomba litanifungulia?”

“Hapana, kaka. Mpaka Baraza lipige muhuri.”

“Lini?”

“Linakaa mwezi ujao. Sijui kama watakubali.”

“Basi funga hicho chombo,” alisema Gwamaka. “Jua linakutesa bure.”

Akakifunga. Hakujua aweke wapi mikono yake. Mwanamke mwenye mtoto mchanga mgongoni, jirani yake Anyisile, alikuwa akimkodolea tangu mwanzo. “Na wewe, dada,” alisema, “bomba linakujua?”

Walimpisha. Tusekile alikwenda mbele ya msururu, akabandika kiganja kwenye kioo, na kioo kikawaka kijani. Maji yakatoka. Watu wakaguna kwa pamoja, si kwa furaha hasa, na mara moja wakaanza kazi: aliyejaza aliondoa, aliyefuata akasukuma, hakuna aliyemwaga hata tone. Ilijaa ndoo ya Gwamaka. Ilijaa ya Subilaga. Anyisile alikuja na ndoo yake kwa mkono wa kushoto, ikajaa, akaipeleka kivulini kwa mama mkwe. Tusekile alisimama mkono umenyooka, bega likimwaka moto, akitazama urefu wa msururu uliozunguka nyumba zenye nyufa na kupotea nyuma yake. Alijua jambo ambalo wao hawakulijua bado, kwa kuwa walioishi bila kuandikwa hawakuwahi kupimiwa: kuanzia kiangazi hiki, kila mwenyeji wa Lyangome ana kipimo chake cha maji kwa siku.

Maji yakapungua yakawa uzi, uzi ukawa matone.

“Kipimo chako cha leo kimetimia,” kioo kilisema kwa sauti ya upole. “Asante, Tusekile Mwambene.”

Ndoo ya yule mwanamke mwenye mtoto mchanga ndiyo iliyokuwa chini ya bomba, na kitako chake kilikuwa hakijafunikwa na maji. Hakuiondoa. Alibaki ameishika kwa mikono miwili, akimtazama Tusekile usoni, kana kwamba kuna kiganja kingine amekificha.